Kitabu Chako Kimejaa, Bwana Shamba

Bwana Shamba,

Kimejaa. Nimeanza na hilo makusudi, maana nikianza na salamu ndefu utaguna huko uliko: "We Baba Gwamaka, sema jambo, acha kuzunguka." Kitabu chako kimejaa, jalada hadi jalada, na nimekimaliza mimi, mtu wa darasa la tatu niliyefukuzwa shule kwa kumwigiza mwalimu anavyopiga chafya. Haya, ugonile. Hiyo ndiyo salamu. Usijisumbue kuitikia.

Huku tu wazima. Mvua ni ile ile. Unakumbuka ulivyoshuka kwenye basi kutoka kwenu Tanga, kijana mwembamba wa kilimo na sanduku la bati, ukaniuliza mimi wa kwanza, "Ndugu, kiangazi chenu kinaanza lini?" Nikakwambia, "Kilikuwa jana, ulikuwa bado njiani." Ukacheka mpaka ukateleza ukakaa kwenye tope na suruali yako ya serikali. Hapo ndipo nilipokuchagua. Ulipotufundisha kupanda mpunga kwa kamba, mimi nikapanda wangu ovyo ovyo nione utanifanya nini. Hukunigombeza. Ulichukua suke langu na suke la jirani aliyekutii, ukayabandika ukurasa mmoja, ukaandika chini yake: MBISHI. MSIKIVU. Suke la mbishi ni fupi, na liko pale mpaka leo, na kila anayefungua kitabu ananiangalia.

Ndivyo ulivyokuwa. Wenzako wakitoka kazini wanacheza bao, wewe unafungua kaunta buku lako, unabandika. Tiketi ya meli ya Itungi. Pakiti ya mbegu. Ua la kakao lililokauka, dogo kama ukucha. Picha ya yule ng'ombe wa Mwaya aliyekurusha mtaroni mbele ya mkuu wako wa kazi. Nilikuwa nakucheka, mtu mzima na ndevu zake anacheza na gundi. Lakini kila Jumapili nikitoka kanisani nilipita kwako kukushikia pembe ya karatasi ili isijikunje. Miaka mingi nilishika pembe tu. Sikujua kwamba najifunza.

Halafu ukalala pale wodini, miguu imevimba, ukanisukumia kopo la biskuti lililojaa karatasi ambazo hukuwahi kuzibandika. "Malizia," ukasema. "Mwanangu Mwanaidi akija aone nilikuwa wapi." Basi. Nilikuwa na mzaha tayari mdomoni, ukanikwama kama mwiba wa samaki mbasa. Ndiyo mara pekee umenishinda kwa maneno.

Sasa nikueleze ambayo huyajui, kwa kuwa ulikuwa umekwisha kwenda. Gwamaka wangu ndiye aliyempigia simu binti yako Tanga kumpa habari ya msiba. Simu ilikuwa na sauti kubwa, wote tukasikia. Alisema, "Huyo mzee wenu wa Kyela mzikeni tu. Nitakuja baada ya mavuno nigawe vitu vyake." Huyo mzee wenu. Mtoto uliyeachana na mama yake kabla hajajua kutembea, huwezi kumlaumu. Lakini mimi nilikaa na lile kopo mapajani nikajua: akija akakuta takataka kwenye kopo, atazimwaga kwenye shimo la taka, na wewe utamwagwa nazo. Nilikuwa na muda mpaka mpunga uvunwe. Si zaidi.

Basi nikaanza, na siku ile ile shughuli za nyumba yangu zikasimama.

Unajua Gwamaka na mkewe wanakaa kwetu, wanasubiri nyumba yao iishe. Nyumba yenyewe imekwama kwenye renta, haijaezekwa, mwaka wa pili sasa. Mkewe, Tusekile, ametoka Ikolo kwa watu wanaoshika mila hasa. Na ile mila yetu ya mkwe na mkamwana wewe hukuielewa hata mvi zilipokuota. Ulikuwa unauliza, "Jamani, kwa nini yule dada ameruka mtaro na ndoo kichwani? Si ni baba mkwe wake tu anapita?" Ndiyo hivyo hivyo, Bwana Shamba. Nilipo mimi, yeye hapiti. Akinisikia nakohoa, anajificha. Hanitazami, simtazami, na hakuna anayemchukia mwenzake. Ni heshima.

Mimi nikachagua meza ya sebuleni, maana ndiyo yenye mwanga na ndipo bati halivuji. Chumba chao kiko upande huu, mlango wa kwenda jikoni upande ule, na mimi katikati na bakuli langu la gundi, nimetulia kama kizuizi cha polisi. Tusekile alikuwa ameinjika maharage, akaingia chumbani mara moja kuchukua kitenge. Ndipo nilipoketi. Nikakohoa. Akafunga mlango. Dirisha lina nondo, atatokea wapi? Mimi najua nini? Nilikuwa nambandika upya ng'ombe wa Mwaya aliyekuwa amebanduka.

Saa zikapita. Nikasikia harufu, nikadhani ni gundi.

Mama Gwamaka alirudi kutoka kwenye kakao akakuta jiko limejaa moshi na maharage yamekuwa makaa. Aliingia ndani na mwiko.

"Baba Gwamaka! Mtoto wa watu umemfungia ndani tangu asubuhi!"

"Nimemfungia na nini? Mimi nimekaa tu."

"Ndiyo! Umekaa! Unambandika marehemu, walio hai tushinde njaa?"

Nilitaka kucheka, lakini nikasikia kule chumbani mtu anapiga chafya kwa adabu, taratibu, kama anaomba radhi, nikaona haya. Jioni Gwamaka akanikalisha kikao, mimi niliyemnunulia kaptula ya kwanza. "Baba, hicho kitabu kiende stoo. Nyumba yetu ikiisha utakitoa." Nikamwambia nyumba yenu ikiisha mimi nitakuwa nimeshakutana na mwenye kitabu.

Kikatoka sebuleni, lakini stoo sikukipeleka. Nilijaribu chini ya banda la kukaushia kakao, unyevu ukabandua nilivyobandika. Nikahamia zizini, mbuzi akala ile karatasi yako ya sifa ya mfanyakazi bora. Naomba radhi kwa hiyo. Alionekana ameifurahia kuliko wewe. Gundi ya muhogo ikaniishia, nikapika ya unga wa mchele wetu. Hapo ndipo utajua mimi ni mjinga wa wapi. Mchele wa Kyela, Bwana Shamba! Unaonukia mpaka barabarani! Panya wote wa hapa kwetu Ndandalo waliletewa taarifa. Asubuhi nikakuta kurasa tatu zimelambwa safi, na picha yako ukiwa na jembe imebaki jembe.

Nilikaa jikoni nikikausha kilichobaki kwa moto. Sikuwa natania mtu siku hiyo. Mama Gwamaka alinipita mara mbili, hakusema neno, na wewe unamjua, akinyamaza ujue anapanga jambo. Kesho yake nikakuta ametundika kitenge chake kikubwa, kile cha harusi ya Gwamaka, ukuta hadi ukuta, kimeikata sebule yangu vipande viwili.

"Huku ni kwako," akasema. "Kule ni njia. Na ikifika saa sita unafunga duka, unakwenda kupasua kakao kama wanaume wenzako."

Nikasema, "Na nikichelewa?"

"Nakishusha kitenge."

Basi tukaishi hivyo. Asubuhi karatasi, mchana kakao. Nikikohoa, hakuna anayekimbia. Nasikia miguu yake inapita nyuma ya kitenge, maji yanakwenda, kuni zinakwenda, uji unakuja. Mwanzoni nilikaa kama niko kanisani. Halafu siku moja nikawa nalalamika peke yangu juu ya panya, na kutoka upande wa pili nikasikia sauti ndogo:

"Wewe kuku, mbona hujui? Mtu akichanganya gundi na maji ya mwarobaini, panya hagusi."

Palikuwa na kuku, kweli. Alikuwa amelala chini ya kiti hana habari na gundi. Lakini mkamwana hasemi na mkwe wake, na mila haijasema lolote kuhusu kuku. Nikachanganya mwarobaini. Panya wakahama. Nikamshukuru kuku kwa Kinyakyusa, "Ndaga fijo." Nikasikia mtu anabana kicheko mpaka sufuria inagongagonga.

Kuanzia hapo yule kuku akawa msomi. Wewe uliandika nyuma ya kila karatasi, lakini mwandiko wako ulikuwa wa siafu, na macho yangu unayajua. Basi nikawa napitisha karatasi chini ya kitenge, na kuku anasomewa. "Kuku, hii ni Matema, siku mvua ilipowalaza kwa mvuvi." "Kuku, hapa ameandika: leo Baba Gwamaka amedanganya tena." Hiyo nilitaka kuitupa. Kuku alinikataza.

Sasa sikiliza.

Chini kabisa ya kopo kulikuwa na karatasi zimefungwa kwa uzi. Nikafungua. Michoro ya kalamu, kila karatasi mchoro mmoja, mviringo mrefu umebinyika katikati, hakuna jina. Nikasema haya ni mashamba. Bwana Shamba atachora nini kama si shamba? Nikayapanga kwa ukubwa, shamba dogo, shamba la kati, nikaandika kwa herufi zangu kubwa kama za kwenye gunia: MASHAMBA ALIYOPIMA. Nilishapaka gundi lile la kwanza. Nikapitisha moja chini ya kitenge, kuku aniambie ni la nani.

Karatasi haikurudi. Hata kuku mwenyewe akainua kichwa.

"Kuku," Tusekile akasema, na sauti yake haikuwa ya mchezo, "hilo si shamba. Huo ni unyayo wa mtoto. Mama yake amemsimamisha juu ya karatasi akamzungushia kalamu, ili mtu aliye mbali anunue viatu. Nyuma imeandikwa: Idd. Vyekundu, vya kamba."

Nikapitisha nyingine. "Idd. Vyeupe, vya mikanda." Nyingine. "Idd. Ameomba vyenye kisigino kidogo."

Bwana Shamba. Kila mwaka kabla ya Idd ulikuwa unapotea siku mbili Mbeya, na kila mwaka nilikutania mbele ya watu kwamba una mwanamke wako Mbeya. Ulikuwa unacheka tu. Mwanamke! Mwanamke mwenyewe mguu wake unaenea kiganjani kwangu. Ungesema. Mimi ningekushikia pembe ya hiyo pia.

Nilisahau kufunga duka siku hiyo, na Mama Gwamaka hakushusha kitenge. Alikuja akakaa upande wa Tusekile, nikasikia wote wawili wanavuta pua. Kurasa za mwisho tulizipanga sisi watatu na kuku: nyayo tu, ndogo hadi kubwa, na maneno yako kando, nakala kwa mwandiko wa Tusekile ulionyooka. Mimi nilipaka gundi.

Mwanaidi akaja mpunga ukiwa kwenye magunia. Mwanamke mrefu, uso wako mtupu, ila mzuri. Alikuwa ameshakata tiketi ya kuondoka kesho yake. Hakutaka hata chai. Nikamwekea kitabu mezani, nikakaa mbali, mdomo wangu nikaufunga mwenyewe. Alifungua haraka haraka kama mtu anayetafuta ukurasa wa kusaini. Kwenye MBISHI akanitazama. Kwa ng'ombe wa Mwaya akacheka kidogo bila kutaka. Akaenda, akaenda, akafika kwenye nyayo.

"Hivi vyekundu," akasema. "Vya kamba. Mama alisema vimetoka kwa mjomba."

Akageuza. Akageuza. Kwenye ule wa mwisho akavua kiatu, akakishusha kitabu chini sakafuni, akauweka mguu wake juu ya mchoro. Umeenea sawasawa, Bwana Shamba. Hata kidole kile kilichopinda. Na mimi mzee mzima nilipiga kigelegele cha kike, Mama Gwamaka akadhani nimepatwa na wazimu, na nyuma ya kitenge kikaitikiwa.

Tiketi yake ilipita. Alikaa siku nne, amekula dagaa wa usipa na ndizi zetu, amelalamikia mvua kwa maneno yako yale yale. Kitabu ameondoka nacho amekipakata, hakukubali kiwekwe kwenye buti la basi. Lakini kabla hajapanda basi alitaka kuoneshwa ulipolala. Nilimpeleka mimi. Nilisimama nyuma nikijifanya naangalia majani. Alisoma dua yake, kisha akasema, kwa sauti, bila kujali nani yuko: "Baba, vilinitosha vyote."

Umesikia? Kama ulikuwa umelala nakwambia tena. Alisema Baba.

Sasa lala, rafiki yangu, umechoka na umeshinda. Kaburi lako nitalipalilia kwa mkono wangu, sitatuma mtu, na safari hii nitafuata kamba. Na kila msimu, kabla mpunga haujaingia ghalani, nitachagua suke moja refu nimpelekee binti yako Tanga.

Mimi wako wa Ndandalo,
Baba Gwamaka