Soko la Kwenye Skrini Linakuulizia

Gakii,

Mwalimu mpya wa hesabu amefika. Ni mtu mpole, kwao ni Chuka, na wamempa kiti chako. Ningesema nini, na kiti ni cha shule? Ila naye hukivuta kwa mguu bila kukiinua, kama wewe, na kila kikikwaruza sakafu mimi hugeuka nikidhani ni wewe umechelewa tena.

Hii ni wiki ya saba tangu uondoke. Nakuandikia kwa sababu kuna jambo nimelifanya Jumamosi iliyopita kwenye ule mji wetu wa kompyuta, nimelifanya bila kukuuliza, na moyo haujatulia.

Kwanza nikwambie hali yangu. Niko mpweke, Gakii. Nalisema hivyo hivyo kwa sababu wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Unajua ilivyo katika ofisi ya walimu: mazungumzo yakishanoga, wote wanahamia Kimeru, na mimi Mwembu wa Karurumo nabaki nikidaka neno moja kwa kila matatu. Lugha zetu ni ndugu, lakini ni wale ndugu wasiosikizana vizuri. Wewe ulikuwa ukiniinamia na kuninong'oneza, "Anasema mbuzi yake imekula barua ya uhamisho," na mimi nacheka pamoja na wengine. Siku hizi hakuna anayeniinamia. Si ubaya wao, hawakujua kwamba kulikuwa na mtu wa kazi hiyo. Wakicheka nacheka, nikiwa nimechelewa kidogo, kisha narudi kusahihisha insha.

Nakumbuka mambo yalivyoanza. Kanisa lilikuwa limetuletea zile kompyuta tatu kuukuu, na kaka yako akarudi kutoka masomoni na diski yenye gemu. Ilikuwa nchi nzima ndani ya skrini. Unakwenda unakotaka, mlimani, msituni, mijini, unapigana na mazimwi na kuzidi kupata nguvu. Mimi nilishangaa mazimwi. Wewe uliingia mji wa kwanza, ukamkuta mwanamume amesimama kando ya kisima, akakuelekeza njia. Ukaenda zako. Uliporudi, siku tatu za mle ndani zimepita, alikuwa bado amesimama pale pale na akakupa maneno yale yale. Ukaniangalia ukauliza, "Sasa hawa watu hukula saa ngapi?"

Swali hilo lilikula Jumamosi zetu zote za miaka miwili. Ukaamua kutengeneza nchi ya kwako, kwa BASIC, ile lugha ya kompyuta uliyosoma chuo kikuu. Juu kabisa msitu, chini kabisa mashamba ya ndizi ya Mitunguu, na katikati soko la Kanyakine. Mchezaji ni mgeni asiyejua mtu, atembee apendavyo, atafute kibarua, apate jina. Watu walikuwa herufi za kijani tu. Wewe uliwapa miguu, mimi nikapewa kazi ya kuwapa maneno, kwa kuwa ndimi mwalimu wa Kiswahili.

Nami nikawaua wote kwa siku moja. Mwenye ndizi nilimwandikia, "Karibu, ewe mgeni. Je, ungependa kununua ndizi mbivu?" Ulicheka mpaka ukashika meza. "Mwalimu, hakuna mtu Kanyakine anaongea kama karatasi ya mtihani. Huyu mama atakufa njaa." Nilinuna. Niliona unadharau somo langu. Wiki iliyofuata ukanipa daftari, ukanivuta mpaka sokoni, ukaniketisha juu ya kreti ya soda na kuniambia niandike ninachosikia, nisisahihishe.

Sikusikia sentensi hata moja iliyokamilika. Niliona mama akiondoka kwenye fungu lake la ndizi na kumwambia jirani, "Niangalilie," bila hata kumtazama. Nikamwona fundi cherehani akibishana na mtu wa ng'ambo ya barabara juu ya jambo lililoanza kabla hatujafika na ambalo hatukulijua mpaka tunaondoka. Kuna mzee alipita na jembe begani mara nne, na wewe ukaniambia tangu uzaliwe hujamwona akilima. Watu walitusalimia, "Muga," na kabla hatujajibu walikuwa wamekwisha kupita, wana yao. Ulifurahi sana. Ukasema kosa la ule mji wa diski ni kwamba wote walikuwa wanatungojea sisi.

Tatizo likawa mashine. Ilibeba watu kumi na wawili, wa kumi na tatu akiingia inakwama. Soko la watu kumi na wawili ni soko gani? Hapo ndipo nilipojua una akili, nisamehe kwa kuchelewa. Uliniambia niwafanye wawataje wengine ambao hawapo. Ukiingia hotelini, chai inachemka na mwenye hoteli anasema, "Mama Kendi ametoka tu saa hii, hamjakutana?" Mama Kendi hakuwepo kabisa. Hakuwa na herufi. Lakini wanafunzi tulipowaita wacheze, mmoja alizunguka soko zima akimtafuta, na wewe ukanifinya kwa furaha mpaka mkono ukauma.

Tuligombana mara moja tu, kwa sababu ya neno. Ulikuwa umeweka hesabu ya siku, ili mchezaji akikaa bila kuja, akirudi wamwambie, "Umepotea sana." Nikalifuta, nikaandika, "Hujaonekana kwa muda mrefu." Ukalirudisha. Nikalifuta tena, nikakueleza kwamba kupotea ni kukosa njia. Ukajibu kwa ile hasira yenu ya Kimeru isiyodumu dakika tano, "Mtu akikuambia umepotea, anakuambia alikuwa anakutafuta na macho. Hiyo yako ni ya polisi." Nikaliacha. Kisha ukatuingiza sisi wawili mjini, kila mmoja na herufi yake, ukawapunguza wengine wawili ili tupate nafasi. Yeyote kati yetu asipofungua gemu kwa jina lake wiki nzima, herufi yake inatoka na watu wanaanza kumuulizia.

Halafu Alhamisi ukasema kichwa kinauma. Nilikupa vidonge nilivyokuwa navyo na nikakuambia ulale mapema. Jumapili, kabla ya watu kutoka kanisani, habari ikafika. Malaria imepanda kichwani, ndivyo walivyosema. Bado najiuliza kwa nini sikukupeleka hospitali Ijumaa. Nakwambia tu kwamba najiuliza.

Sikukaribia chumba cha kompyuta kwa wiki tatu. Nilipoingia, nilitaka tu kuona maandishi yako. Nikawasha, nikashuka sokoni. Mwenye ndizi akaniambia, "Mwalimu Gakii amepotea siku hizi." Fundi akasema, "Gakii amepotea, ama amepata kazi Embu?" Mwenye hoteli akasema nikikuona nikusalimie. Wote kumi, mmoja baada ya mwingine, wanakuulizia wewe. Sentensi zile niliziandika mimi, Gakii, na bado nililia kama mtu aliyepigwa.

Na sasa nikiri. Nilirudi Jumamosi iliyofuata, na iliyofuata tena, kusikiliza hayo hayo. Huku nje watu wameacha kulitaja jina lako mbele yangu, wanadhani wananisaidia. Mle ndani ndipo mahali pekee ambapo mtu alinitajia Gakii kabla sijamtaja mimi. Ningebadilisha mstari mmoja wangenyamaza, na sikuwa tayari wanyamaze.

Wiki mbili zilizopita mama yako alikuja kuchukua vitu vyako, sufuria, blanketi na vile vitabu. Akaomba aone ile kazi iliyokuwa ikikuzuia kwenda nyumbani Jumamosi. Nikamketisha mbele ya mashine. Alielewa haraka kuliko mwalimu mkuu. Alionyesha mzee wa jembe kwa kidole akataja jina lake halisi. Kisha tukamfikia mwenye ndizi, maneno yakatokea, na mama akaniuliza yanasemaje. Kiswahili hana. Nikamtafsiria kwa Kimeru changu cha kuokoteza, neno kwa neno, bila kufikiri. Na huko kwetu sote, Embu na Meru, neno hilo halina maana ya kumkosa mtu kwa macho. Ni la ng'ombe aliyetoka zizini na asijulikane aliko. Nilimwambia mama yako kwamba mwanawe amepotea.

Alitoa macho kwenye skrini. Akasema, "Hajapotea. Mimi najua mahali alipo." Nilijaribu kueleza, nikazidi kuvuruga. Akanishika mkono na kunitazama, si kwa hasira, akauliza, "Kwani hawa watu hawakuambiwa?" Nikasema hapana. "Waambie, mwanangu. Watu hawaachwi wakiulizia mtu hivi."

Ndipo Jumamosi nikawaambia. Stima ilipotea mara mbili, nikaandika upya mara mbili. Nilidhani kazi ni kubadilisha sentensi tu, niondoe "amepotea" niweke "amefariki." Nikaiweka, nikaingia sokoni, na mwenye ndizi akaniambia umefariki kisha akauliza kama nataka mkungu mzima. Nikafuta haraka kwa aibu. Nikakaa nikijiuliza wewe ungefanyaje, nikakumbuka kwamba hukuwa ukianza na maneno, ulikuwa ukianza na mtu anakwenda wapi.

Siku ile habari yako ilipofika kwenye soko la kweli, nilikuwepo. Hakuna aliyesema sana. Mama wa ndizi alizifunika kwa gunia. Fundi alitoa kitambaa kwenye cherehani, akakikunja vizuri kana kwamba mwenye kitambaa alikuwa pale anamtazama. Mwenye hoteli hata hakuzima moto. Wakashika barabara ya kuteremka kwenu.

Nikaandika hivyo. Sikumpa yeyote neno hata moja, niliwapa njia tu, na upande wa chini wa nchi yetu nikachora nyumba ya mama yako na mlango nikauacha wazi. Kisha nikaanzisha. Wakaondoka mmoja mmoja, mwenye ndizi mbele, mzee na jembe lake nyuma kabisa, wakatoka kwenye skrini kwa upande wa chini. Soko likabaki tupu, mara ya kwanza tangu ulitengeneze. Niliogopa kwamba litaonekana limekufa. Halikuonekana hivyo. Chai ilikuwa ikichemka, ndizi zimefunikwa, na mtu yeyote wa huku angejua wenyewe wamekwenda wapi. Aliyebaki katikati nilikuwa mimi, herufi yangu peke yake. Nikabonyeza kitufe cha kuteremka na sikukiachilia mpaka nikawafikia barabarani. Nikaenda nao.

Pumzika, Gakii. Wiki ijayo nitawarudisha kazini, ndizi ziuzwe na fundi abishane, na wakikutaja watasema "alikuwa." Nimefundisha wakati uliopita miaka sita na sikujua kuwa ni mgumu hivi, lakini nitauandika mwenyewe, simwachii mtu. Na nakuahidi kwamba kila Jumapili ya mwisho wa mwezi nitateremka kwenu kwa miguu yangu nikakae na mama. Nimemwambia Kimeru changu ni kibovu, atachoka nami. Amesema hana haraka.

Marigu