Mbuyu ya Chuma

Kapata, tarehe 6 mwezi ya tano 2023

Mama yangu mupenzi,

Jambo kwanza. Uko namna gani huko kijijini? Magoti ingali inakuumiza? Huku tuko na uzima kidogo, tunashukuru Mungu. Muke wangu Jocelyne anakusalimia, na bwana yako, mujukuu wako mwenye jina ya baba, anakusalimia zaidi. Meno ya mbele ilishaota yote, anauma kila mutu. Tukimuuliza, "Bibi yako ni nani?" anapiga mikono, anakuita, "Kambo!"

Mama, hii barua naiandika na haya. Ku Mutoshi balizungusha ukuta fasi tulikuwa tunachimba madini. Hatuingii tena. Nilizunguka Manika yote kuomba kazi, hata ya kupakiza mifuko, banasema ngoja, na mi nimechoka kungoja. Tunakula bukari mara moja kwa siku, na majani ya sombe bila mafuta. Bwana yako tumbo inavimba, nywele inaanza kuwa nyekundu. Naogopa, Mama. Hata mu shimo sikuogopa hivi.

Nataka kuwinda. Baba alitukomalisha na nyama ya pori, mi nitashindwa kukomalisha mutoto mumoja? Lakini unajua sijakamata bunduki hata siku moja, baba alikuwa anasema masomo kwanza. Huku naona mbili. Moja ni calibre douze ya mzee Mansour, yule mucuruzi wa Manika, ni ya kiwanda, ya midomo mbili. Ingine ni pupu: fundi René wa hapa Kapata anaitengeneza na bomba ya chuma, unajaza baruti kwa mudomo. Nichague ipi? We njo ulikuwa unamubebea baba baruti. Barua nampa Yassini, dereva wa camion. Unijibu na ye.

Mutoto wako,
Banza


Kijijini, tarehe 19 mwezi ya tano 2023

Banza mutoto wangu,

Jambo, na mingi. Mi niko. Magoti ni ile ile, asubui inakatala, mangaribi inasamehe. Mihogo iko, maji iko. Lakini tangu nisome ile habari ya nywele, bukari naiacha mu sahani. Mumupe karanga ya kusaga mu uji, hata kidogo. Munasikia?

Sasa bunduki. Nacheka peke yangu: bibi muzee anafundisha mwanaume kuchagua bunduki! Lakini baba yako, Mungu amupumuzishe, alichagua bunduki yake ya kwanza sawa batu banachagua bibi, kwa kuangalia tu. Mbao ilikuwa inangaa. Kumbe ilikuwa ndefu kwa ye, mukono haifike muzuri, na bakabuluku, bale baswala badogo, banamupita pua bakicheka.

We fanya hivi. Ingia kwa Mansour, umusalimie na heshima, usionyeshe kama una njaa. Funga macho. Pandisha bunduki ku bega. Fungua macho. Kama jicho yako inaanguka yenyewe juu ya ile kichwa kidogo ya mbele, hiyo bunduki ni yako. Kama unatafuta na shingo sawa kuku, irudishe. Kisha angalia ndani ya bomba kuelekea mbingu. Utaona miviringo ya mwangaza. Iwe muzima yote. Ikivunjika fasi moja, mu bomba muko shimo, achana nayo. Na uombe karatasi yake, usikamatwe ku njia.

Pupu hapana. Hapana, Banza! Inapiga mara moja, kisha unaanza kujaza tena na nyama anakuwa mbali. Tena haipigi mbali, inaomba utambae mpaka karibu. Na calibre douze unatoka asubui, mangaribi uko kwako. Na pupu utalala mu pori juu ya kabuluku moja.

Neno ya mwisho. Kwetu, bunduki ya kwanza ya mwanaume inachukua jina ya baba yake, ili isisahau njia ya kurudi ku nyumba. Basi yako ni Mbuyu. Najua, mutoto naye ni Mbuyu. Njo maana tusichanganye: ukiandika "Mbuyu" nitajua ni bunduki. Yule mwingine ni bwana yangu, na mu barua yangu mutu asimuite jina ingine. Mi sigawanye bwana na bomba.

Mi mama yako,
Godelieve


Kapata, tarehe 30 mwezi ya sita 2023

Mama mupenzi,

Jambo. Hujambo na magoti? Sisi tuko. Bwana yako anatembea sasa, anashika ukuta, anaenda kuiba chumvi ya Jocelyne.

Usinikasirikie mbele ya kumaliza kusoma. Kwa Mansour nilienda. Nilifunga macho, nikapandisha, nikafungua: jicho ilianguka juu yake yenyewe, sawa ulivyosema. Ilikuwa yangu, Mama. Lakini bei haikukuwa ya mufuko yangu. Mansour alinihurumia, alinipa chai, bunduki akairudisha mu nguo. Nikaenda kwa René. Njo hivi, Mbuyu ni pupu.

Na ye nilishaua kabuluku mumoja. Mumoja, Mama! Shingo nilimuwekea yomba Symphorien, kaka yako, sawa desturi, Yassini analeta na hii barua. Bwana yako alikunywa mucuzi, mafuta ikamutiririka mpaka ku tumbo, akalala akicheka. Jocelyne alilia. Mi nilitoka inje, nisilie na mi.

Lakini Mbuyu anakohoa. Leo anawaka, kesho anakatala, ananipiga moshi mu macho. Na bakabuluku balikimbia makelele ya mashini, sasa banakaa ngambo ya muto Lualaba. Natoka siku ya kwanza ya juma, narudi karibu na Jumapili. Jocelyne anabaki peke yake na mutoto. Hapendi. Na mi sipendi, lakini nifanye nini?

Mutoto wako,
Banza


Kijijini, tarehe 11 mwezi ya saba 2023

Banza we,

Jambo. Mi niko muzima, kama mutu anaweza kuwa muzima na mutoto sawa we. Yomba yako alipokea shingo, alifurahi, alienda kuonyesha bajirani wote. Mi sikula. Nilikaa nikaangalia ile nyama, nikasema: hii ni ya pupu.

Masikio yako ni ya nini? Ya kubebea kofia? Nilisema pupu hapana. Najua, mufuko. Ungeniandikia mbele! Ningekaa ku mulango ya Symphorien mpaka achoke na mi. Yeye yuko na calibre douze inalala chini ya kitanda, panya ndiyo banaipigia salamu.

Mbuyu wako atakufa, nakuambia. Ile bomba ya René haitaona mvua. Na siku atakufa nitacheka mpaka bajirani bakuye kuuliza. Uangalie tu asikufie mu uso.

Na usiache Jocelyne peke yake hivyo. Mwanamuke peke yake na mutoto mugonjwa-mugonjwa, ni muzigo ya batu wawili. Rudi mbiyo kila mara, hata mikono tupu. Bwana yangu anakula karanga?

Mi mama yako,
Godelieve


Kapata, tarehe 2 mwezi ya nane 2023

Mama,

Mbuyu alikufa.

Nilikuwa natoka mu pori. Alikuwa moto sana, hata mukono haikuweza kukaa juu yake. Nilimubeba ku bega, nikakimbia naye kuelekea Manika. Njiani akakuwa baridi. Sikumuweka chini. Nilifika naye vile.

Mi njo nilichagua mubaya. Ulinikataza na sikusikia. Unisamehe, Mama. Mukono haiandike tena.

Banza


Kijijini, tarehe 13 mwezi ya nane 2023

Banza mutoto wangu,

Jambo! Mi nasalimia, hata kama we ulisahau kusalimia. Barua yenye machozi, bila "jambo Mama", bila "magoti iko namna gani", juu ya bomba ya René! Yassini mwenyewe alinipa na uso ya kilio, nikamuambia, baba, enda ukule, ni bunduki tu.

Nilisema nitacheka, na nimecheka. Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Nakuona na ile pupu ku bega, unakimbia Manika sawa unapeleka mutu lopitalo! Fundi alisema nini? Alimupa sindano? Ah, Banza. Itupe ku choo, na usivae kilio. Kama hakukufia mu uso, macho yako ingali mbili, tumushukuru Mungu.

Sasa sikia mazuri. Nilienda kwa yomba yako. Nilikaa ku mulango yake, nikakatala kula, nikakatala kuondoka. Siku ya pili alichoka. Anakuazima calibre douze yake mpaka mvua, na karatasi yake yote! Midomo mbili, Banza! Nilifunga macho nikaipandisha mi mwenyewe, muzee na magoti yangu, na jicho ikaanguka juu yake. Kuya kuichukua. Utatoka asubui, mangaribi uko kwako. Ile njaa ilishaisha, mutoto wangu. Ilishaisha.

Mu hii furushi ndogo muko kaputula. Nilishona na kitambaa ya shati ya baba yako, ile ya bleu. Nilikata kubwa kidogo, anakomala. Umuvalishe na umuambie: bibi yako anasema usichafue.

Mi mama yako,
Godelieve


Kapata, tarehe 24 mwezi ya nane 2023

Mama yangu,

Jambo. Magoti iko namna gani? Kaa chini mbele ya kusoma. Nimeomba Yassini akae karibu na we.

Barua yako ilifika tungali tunakaa kilio. Batu balisema: neno ya Mama ilifika, soma, tusikie wote. Nikasimama nikasoma. Nilisoma jambo. Nilisoma mpaka pale unacheka. Kisha nikakunja barua, na batu bakafikiri ni machozi.

Si bunduki, Mama.

Nilijaribu kuandika "bwana yako alikufa". Niliandika, nikapasua. Wakati baba alikufia huku lopitalo, mi njo nilikuandikia ile neno. Sikuweza kukuandikia tena. Njo nikaweka jina yake tu, nikasahau kama jina tulishaipa bunduki.

Ilikuwa palu, malaria. Mi nilikuwa ngambo ya mutoni, natambaa nyuma ya kabuluku, juu pupu haipigi mbali. Jocelyne alituma mutu kunitafuta, hakuniona. Nilifika na nyama ku bega, nikatupa nyama, nikabeba ye. Ile nyama tulilisha batu ya kilio.

Usiseme ulicheka. Ulimucheka pupu, hukumucheka ye. Jocelyne anajua, nilimusomea yote tukiwa wawili. Anakuomba ukuye. Na mi nakuomba. Usitembee mpaka barabara, Yassini atakuchukua ku mulango na atakuweka mbele.

Kaputula ingemutosha. Jocelyne analala nayo.

Yomba usimuambie alete bunduki. Ile ingine, pupu, iko nyuma ya mulango, haijakufa. Jana René aliijaribu. Inapiga muzuri.

Mutoto wako,
Banza