Bwana Sanduku aliponiuliza kama Mama Zofia ana ndugu

Jumanne, jioni. Ukungu umeikalia Njombe toka asubuhi. Baridi hii hata kuku wangu wamegoma kutaga.

Leo utani umenikauka, na kwangu mimi huo ni ugonjwa.

Wapolandi wa mwisho wameondoka kambini. Vita iliwafukuza kwao, wakaletwa huku kwetu, na muda wote huo nimewauzia mayai. Anayepanga nani aende wapi ni yule Mwingereza tunayemwita Bwana Sanduku, maana hakai mahali sanduku lake likapata vumbi. Kazi yake wakimbizi tu, toka ujana. Amewahamisha Ulaya, amewahamisha Uajemi, sasa anaitwa kwao akakalie kiti kikubwa cha kazi hiyohiyo.

Jana Mama Zofia aligoma. Ni mjane, mumewe amezikwa pale kilimani, juu ya kambi, akasema habanduki. Kiswahili amejifunzia kwenye mayai yangu, kwa hiyo kugombana anajua.

Bwana Sanduku akanivuta pembeni. Akasema anaweza kumwacha mtu mwenye ndugu wa kumtazama.

"Wewe unamfahamu, Simoni. Ana ndugu yeyote huku?"

Nikajibu upesi, "Hana, Bwana. Labda kuku wangu."

Akacheka. Na mimi nikacheka.

Ikaisha hivyo.

Leo nimepanda nao lori kubeba mizigo hadi Makambako. Pale njia panda Mama Zofia hakulia. Alinipa mbegu za maua ya kupanda kaburini kwa mumewe, kazifunga kwenye leso, akapanda lori la Iringa bila kugeuka. Bwana Sanduku alilitazama lile lori mpaka likapotea. Akasema polepole, "Nimehamisha watu maisha yangu yote, Simoni. Simjui hata mmoja aliyefika alikotaka."

Jana ningemtupia mzaha; leo nikatafuta gari la kurudi Njombe.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akasonga ugali, halafu akauliza, "Kaburi la mumewe alichimba nani?"

"Mimi na kaka zako."

"Na matanga nani alimpikia mjane?"

"Si ni wewe!"

"Sasa hana ndugu vipi, Baba Tumaini?"



Kwetu Wabena, uliyemchimbia kaburi la mtu wake na kulia naye matangani hawi mtu baki tena. Hilo nalijua toka sijaota meno. Ila jana nilimwangalia, nikaona Mzungu, nikadhani desturi yetu haimfikii. Bwana Sanduku angekubali? Sijui. Lakini aliniuliza mimi, na mimi nikamtajia kuku.

Lori sasa limeshaipita Iringa.

Kesho kukikucha nabeba jembe na zile mbegu, nikapalilie pale juu. Mtu akipita akaniuliza marehemu huyu ni nani wangu, safari hii nitamjibu sawasawa.