Ndoo na Ngazi

Mshai, shoga yangu,

Leo wasikiza nini? Nauliza kwa mazoea tu, maana sisi salamu yetu ilikuwa hiyo. Ulikuwa ukiingia dukani na gunia la viatu begani, jasho likikutiririka, hata benchi hujalivuta, ushaniuliza, "Dija, unasikiza nini?" Nikishakujibu nami nakuuliza, "Na wewe umenunua nini?" Watu wengine huulizana habari za watoto na mvua. Mvua ya Voi kuiulizia ni kujitonesha kidonda, kwa hiyo tuliulizana nyimbo.

Nakuandikia hapa hapa kwenye cherehani, juu ya karatasi ya kaki ninayokatia vipimo. Nina hasira nawe. Nalisema mapema nisije nikalifunika kwa maneno matamu, kama ulivyozoea wewe kufunika mambo.

Nianze na mazishi, maana hukuyaona. Tulikuzika Mbololo, nyuma ya nyumba ya mama yako, upande wa migomba. Kwaya iliimba vizuri, siwezi kuwasema vibaya. Mimi nilibeba spika yangu ndogo ndani ya kikapu, nimeifunika leso, nikitumaini kwamba kabla ya udongo utapigiwa wimbo wako mmoja tu, ule nilioutia kwenye simu. Kakako Mwakio aliuona mkono wangu ukiingia kikapuni. Akanijia, akaniinamia sikioni, akasema kwa upole, "Dada Khadija, leo tusiweke nyimbo za dunia." Yeye ni mzee wa kanisa, nami ni mgeni wa dini nyingine katika boma lake, ningesemaje? Nikautoa mkono mtupu. Ukateremshwa bila gitaa hata moja, wewe uliyekuwa huwezi kumenya kitunguu bila gitaa. Nilirudi Voi na kikapu changu magotini.

Wenzetu wa lile grupu la simu la wapenda santuri, Wenye Sindano, walikuja baadhi. Jina hilo bado linatuletea vituko. Juzi mama mmoja ameingia grupuni akidhani ni grupu la wauguzi, akauliza chanjo ya mtoto wake ni lini. Ijumaa ya kwanza baada ya kukuzika, hakuna aliyeandika alichosikiza wala alichonunua. Nikasema moyoni, kumbe watu hawa wana haya. Kesho yake yule wa Mwatate, mwenye kofia, akaniandikia pembeni: pole sana dada, na je, santuri za marehemu zitauzwa? Udongo wako ulikuwa haujakauka. Hadi leo tukikutana naangalia kofia tu.

Na ziliuzwa, Mshai. Si kwake. Mwakio alitaka kile chumba chako kipate mpangaji, akamwita mtu mwenye hoteli huku barabara kuu, naye huyo akazizoa zote kwa mpigo. Nilijipa moyo kwamba angalau zitapigwa. Siku nilipopeleka sare za wahudumu nilizowashonea, nikazikuta ukutani. Kila moja imepigiliwa msumari kwenye tundu la katikati, zimepangwa zikawa kama maua. Ile ya taarabu uliyoinunua Taveta siku ya soko kwa ajili yangu, wewe mtu wa rumba usiyependa taarabu, ukaisafirisha ndani ya gambuti ili isivunjike, iko juu ya sinki la kunawia mikono na povu linairukia. Wateja wanapigia picha hapo. Nilikabidhi sare nikaondoka, na chai waliyonikaribisha sikuinywa.

Unajua nilichokiwaza njiani? Kwamba wewe ulikuwa na santuri na hukuwa na mashine ya kuzipigia, na mimi nilikuwa na mashine ya marehemu baba na sikuwa na kitu cha kuweka juu yake. Ulikuwa ukinunua nyimbo usizoweza kuzisikia kwako, unazilaza chini ya kitanda, unangoja Ijumaa uzilete kwangu. Tukipangusa vumbi jekundu kwa kitambaa cha hariri, tunaweka sindano, tunakaa kimya mpaka wimbo wa kwanza uishe. Hiyo ilikuwa sheria yako. Nilikuwa nikikwambia uziache hapa hapa, ukakataa, ukasema mali ya mtu hulala kwake. Sasa angalia zilipolala.

Basi ukapita kama mwezi, Mwakio akaja dukani. Alichelewa kwa sababu ndovu walikuwa wamesimama njiani, na mahindi yenu ya upande wa chini wameshayamaliza, hilo pia ulijue. Akakaa kwenye benchi la wateja, pale pale pako, akafungua mfuko, akatoa gambuti moja la mguu wa kushoto. Ndani mna santuri. Akasema, "Hii aliitenga. Alisema ni ya Khadija, isiende na zile zingine." Akaongeza kwamba yeye nyimbo hizi hazielewi, lakini neno la marehemu ni neno la marehemu. Nilimsamehe, si yote, ila kiasi cha kumpikia chai.

Nilijua ni ipi kabla sijaitoa. Karatasi yake ya katikati imekwanguka, haina jina la mwimbaji wala la wimbo, kwa hiyo jina tulilipa wenyewe. Ndoo na Ngazi.

Uliinunua kwa mtu aliyekuwa akiuza kufuli na spana, yeye mwenyewe hajui imefikaje kwenye meza yake. Tukaiweka. Kilingala, na Kilingala chetu sisi ni kile cha Wakenya wote, tunaimba kwa nguvu tusichokijua. Kiitikio kikaja, ukanishika mkono, ukasema, "Dija, umeskia? Anasema ndoo na ngazi, songa." Nikasikia kweli. Nilicheka mpaka pini zikanitoka mdomoni. Tukatunga kisa kizima: ni fundi wa rangi, anapita sokoni na ndoo na ngazi yake, anawaambia watu wampishe kwa sababu kuna dirisha moja anataka kulipaka kabla mwenye dirisha hajaolewa na mwingine. Ubeti wa pili mimi nikasikia nazi na mboga. Ukaniambia nyinyi Waswahili mnasikia nazi kila mahali, lakini ukakubali, basi fundi wetu akafika nyumbani akapakuliwa mboga za nazi.

Tuliupeleka wimbo ule kwenye harusi zote za mtaa. Ikifika "songa", mwanamke anamsukuma mwenziwe kwa nyonga apate nafasi, na wewe ulivyokuwa na nyonga zile, nimewahi kusukumwa hadi kwenye sufuria la pilau. Hata mabibi harusi walikuwa wakiuomba kwa jina letu la kubuni.

Halafu ukaanza kukonda. Ulisema ni vidonda vya tumbo, pilipili zangu ndizo zilizokuponza. Nikaacha kukutilia pilipili. Ukawa unakwenda Mombasa, wasema unafuata viatu soko la Kongowea, warudi bila gunia. "Bei imepanda, Dija." Nami nikaamini, maana ni kitu gani ambacho bei yake haijapanda? Ijumaa zile za mwisho hukununua chochote. Nikikuuliza tusikize nini, jibu lilikuwa moja tu: Ndoo na Ngazi. Nikakutania kwamba umezeeka, umekwama kama santuri yenye mkwaruzo. Ukasema, "Iweke tu. Na wewe cheza." Nikacheza, futi ya kupimia shingoni, peke yangu katikati ya vitambaa. Wewe umekaa benchini, umejikunja kidogo, unatikisa kichwa na midomo inafuata maneno.

Habari ya saratani niliipata siku moja na habari ya kifo. Mtu aliyenipigia simu alidhani najua.

Sasa nikwambie cha wiki iliyopita, ambacho ndicho kilichonitia kalamu mkononi. Unamjua yule mchuuzi wa vitenge, Mkongo, ambaye mji mzima unamwita Papa. Alikuwa hajapita Voi tangu kabla hujafa. Nilikuwa nimeweka santuri yako, nashona, nikamwona amesimama mlangoni na mzigo begani, haingii. Amevua kofia. Akaniuliza, "Mama, nani amekufa?"

Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia ni Mshai, mama wa viatu. Akautua mzigo chini polepole, akanipa pole. Nikamuuliza amejuaje kwamba kuna msiba, na mimi sijavaa nguo za msiba wala kusema lolote. Akaelekeza kidole kwenye mashine ya baba. "Si unapiga wimbo ya kilio, mama."

Hakuna ndoo, Mshai. Hakuna ngazi. Yule mtu anaimba *ndeko na ngai, zonga*. Ndugu yangu, rudi. Amemzika mwenziwe, amerejea nyumbani, anamwita. Na ile nazi na mboga yangu ni *nazali moko*, yaani niko peke yangu. Papa alinieleza mstari kwa mstari, na gitaa lile tulilokatia viuno mbele ya mabibi harusi, akasema kwao watu hulicheza huku wanalia.

Kicheko kilinijia, walahi. Nikawaza nitakavyokusimulia Ijumaa ukifika, tutakavyoaibika kwa harusi zote zile. Sekunde hiyo nilikuwa nimesahau. Nilipokumbuka, Papa alikuwa bado anasema, na alisema neno lililonikata maini: "Lakini yeye alijua. Nilimwambia mimi mwenyewe."

Alinieleza kwamba alikukuta kibandani kwako unaimba ndoo na ngazi huku unapiga viatu rangi, akacheka, akakwambia maneno yenyewe na maana yake. Ukakaa juu ya gunia. Ukamwomba ayarudie taratibu, moja moja, mpaka ukayashika. Akakuaga, akasema anapita kwangu naye anichekeshe, ndipo ukamkamata mkono. Ulimwambia, "Usimwambie Dija. Akijua maneno ataacha kucheza."

Nimekaa na hilo wiki nzima. Nguo za watu zimelala, nimewapiga kalenda mpaka wamechoka nami. Uliniacha nikate viuno kwenye kilio chako mwenyewe. Ulikaa pale unajiaga, mimi nakuita santuri yenye mkwaruzo. Ningejua ningefunga duka, ningepanda basi nawe kwenda Mombasa, ningekushikia beseni, ningekugombeza ili ule. Uliona nitakuwa mzigo? Uliona siwezi kunyamaza? Kweli siwezi, lakini ningejaribu. Marafiki hawanyimani kulia, Mshai. Hilo umeninyima na sijui nilitoe wapi sasa.

Jana nilikuwa napinda suruali ya shule nikaikumbuka midomo yako. Ijumaa zile nilidhani inasema ndoo na ngazi. Sasa sijui. Ulikuwa umeshayashika yale mengine, umefundishwa taratibu, moja moja. Huenda ulikuwa ukiniambia mbele ya macho yangu kila wiki, na hiyo ndiyo namna pekee uliyoiweza. Nimejaribu kukumbuka midomo ilivyokaa, ilivyofunguka, ilivyofungika. Siwezi. Maneno yenyewe yamefanana mno.

Grupu sijawaambia, na Papa nimemwomba naye asiseme. Waliponiuliza wiki hii niliandika: nasikiza Ndoo na Ngazi, sikununua kitu. Yule wa kofia akaweka uso wa kucheka. Mwache acheke. Wanawake wa Voi waendelee kusukumana harusini, hawajamkosea mtu.

Lakini kuna jambo ulikosea, nami nitakukosoa hata huko uliko. Ulisema nikijua maneno nitaacha kucheza. Ijumaa hii niliurudisha mlango nusu, nikapangusa vumbi, nikaweka sindano. Miguu ilikataa. Wimbo ukaisha nimesimama. Nikauweka tena, miguu ikakataa tena. Nikauweka tena, nikacheza. Nilicheza ovyo, futi shingoni, machozi na kamasi, mpaka mteja akachungulia akarudi zake bila nguo yake. Benchi lako nililiacha wazi. Ahadi yangu ni hiyo: kila Ijumaa, maadamu magoti yangu yapo, santuri hii itapigwa na mimi nitacheza, na maneno nayajua.

Pumzika, shoga yangu. Sikuiti urudi. Yule wa kwenye santuri ameita miaka yote hiyo na hajaitikiwa. Zamu yangu nayo itafika. Najua mimi watanilaza kwetu, wewe uko Mbololo, na kila mmoja ataombewa kwa dini yake. Lakini ukisikia nakuja, fanya kama tulivyokuwa tukifanya harusini. Songa kidogo.

Dija