Hotuba kwa Mama wa Rais

3 Machi 1974

Kwa mdogo wangu, Mheshimiwa Balozi,

Hujambo huko ugenini? Sisi wazima, ila mama.

Nisikufiche, hali yake si nzuri. Miguu imevimba, akitoka chumbani hadi barazani anatweta. Daktari anasema moyo umechoka. Nikamjibu, utaachaje kuchoka, moyo wa mtu aliyetulea kwa kufua mashuka ya hospitali? Dawa anazificha chini ya mto, eti atazimeza ukija. Mtu mzima na mvi zake! Njoo mwezi huu. Tena usinijibu kibalozi, "suala linashughulikiwa". Nijibu kama mtoto wa mama yako.

Dada yako

18 Machi 1974

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Barua yako imenikuta mzima wa mwili, moyo ndio sina. Nimeomba ruhusa Wizarani, wamenipa. Nitatua Ijumaa tarehe 29, mchana. Mwambie mama ameze dawa, nisije nikagombana naye mlangoni.

Huku nimezeeka. Mwenzangu aliyenitangulia kahamishwa, na desturi ya kazi yetu ni kwamba balozi aliyekaa mjini muda mrefu kuliko wenzake ndiye huwasemea wote, kwenye sherehe na kwenye misiba ya serikali. Basi kila shughuli nimo, kama chumvi. Mama nimemnunulia shali ya sufu.

Mdogo wako

30 Machi 1974

Ndugu yangu,

U mzima? Nauliza kwa sababu hatujui. Jana mama alikataa katakata kubaki nyumbani. Alivaa gauni lake la kijani, akakaa kwenye benchi pale uwanja wa ndege, mkoba mapajani, na kila abiria akitoka yeye anasimama. Wakatoka wote. Kurudi nyumbani tukakuta telegramu yako: "Nimezuiwa." Na nani? Mama alivua viatu akalala. Nina hasira nawe, tena sana.

Dada

4 Aprili 1974

Dada yangu,

Shikamoo, ingawa najua hutaki kunisikia. Mama mzazi wa rais wa huku alifariki Jumatano, siku mbili kabla ya safari yangu. Sanduku langu lilikuwa tayari mlangoni. Niliiomba Wizara iniachie, naibu wangu aseme. Wakajibu kwamba naibu hawezi kuwasemea mabalozi, na nikiondoka itaonekana tumemsusia rais msiba wake. Nikabaki.

Jumapili nikasimama kaburini na karatasi yangu. Nikasoma mistari miwili, ikanishinda. Nikasema yaliyokuja, nikalia mbele ya wakubwa wote. Magazeti yanasema mimi ni rafiki wa kweli wa nchi hii. Nilitamani ardhi ipasuke. Maombolezo ni wiki nzima, na ndege ya huko ni Ijumaa tu; nitakuja Ijumaa tarehe 12. Mwambie mama anisubiri.

Mdogo wako

8 Aprili 1974

Ndugu yangu,

Pole. Mama ametutoka jana asubuhi, telegramu umeipata, nawe umejibu kwamba huko hakuna ndege mpaka Ijumaa. Barua hii nakuwekea chumbani kwake, maana kwa mdomo sitaweza.

Hotuba yako tuliisikia. Redio ilirusha mazishi yale, mama akiwa kitandani. Ukasema marehemu alikuwa na mikono iliyopauka kwa sabuni, na kwamba aliwapoozea watoto uji ilhali mwenyewe hajala. Nikamaka: mama wa rais gani huyo anayefua? Mama akacheka mpaka akakohoa. "Nyamaza wewe, niache nisikilize," akasema. "Huyo ni mimi."

Ulipolia, naye akalia. Kisha akaniambia nizime redio. "Mazishi yangu nimeshayasikia. Akija, mwambie asilie tena. Atalia mara ngapi?" Tangu siku hiyo hakuuliza tena unakuja lini.

Yeye amekusamehe. Mimi bado, nisikudanganye. Nilimshika mkono peke yangu mpaka mwisho, na nilikuhitaji mno.

Tunazika kesho. Watu wa Wizara wamekuja na shada la maua, wanauliza nani atasema kaburini kwa niaba ya familia. Nimewaambia msemaji wetu yuko kazini.

Dada yako