Vidonge vya Damu Vimenipa Mimba Nisiyokuwa Nayo

Mshauri mpendwa, naomba unisaidie, nakuandikia nimekaa kwenye ngazi za saluni maana miguu imegoma. Mimi ni msusi, nina mume, mtoto bado, na nina ule ugonjwa wa utumbo kuvimba na kutoa damu, ukiniamkia namwacha mteja kichwa nusu kimesukwa nakimbilia chooni, basi daktari akanipa dawa ya kutuliza utumbo pamoja na vidonge vya kuongeza damu, nikaendelea vizuri mpaka mama mkwe alipokuja kukaa nasi, akaviona vile vidonge kabatini, akapiga vigelegele hadi majirani wakatoka, kwani anavyojua yeye vile humezwa na wenye mimba tu, na mimi, Mungu anisamehe, nikanyamaza, kwa sababu siku zote aliniita "huyu", siku hiyo akaniita "mwanangu". Sasa kila asubuhi ananiletea kidonge na glasi kubwa ya maziwa, anasimama hapo hapo mpaka nimalize, na zile dawa za utumbo kazificha, ati, "Hizo kali, zitamdhuru mjukuu wangu," damu imerudi chooni, kichwa kinazunguka, mume wangu anasema tuvumilie mpaka mama aondoke, na mama haondoki, anafuma soksi. Nifanye nini?

Msusi

Pole, mdogo wangu. Kupendwa ni kutamu, hilo sikulaumu. Sasa kaa vizuri nikuseme.

Vidonge vya damu si vya wajawazito peke yao. Utumbo unaovuja damu hupoteza madini ya chuma, lazima yarudishwe. Lakini ukiyameza kwa maziwa, mwili huyapata kidogo tu, na chai ni vivyo hivyo. Tena hata ungemeza kwa maji, bila dawa ya utumbo unajaza ndoo iliyotoboka.

Nenda kwa daktari leo, usingoje kesho. Sema wazi kwamba dawa umeacha na kwa nini, usione haya, wameshasikia makubwa kuliko hayo. Akupime damu, aamue yeye kama vidonge vinatosha au uwekewe chuma kwa dripu. Na usijinunulie kalsiamu wala zinki kwa kuwa jirani kazisifia. Muulize daktari kwanza, madini mengine hugombana na chuma tumboni.

Mumeo kanikera. Anajua ukweli, mama ni wake, halafu anakuachia wewe mzigo! Aseme yeye, nawe ukae ubavuni mwake. Mama atanuna. Mwache anune, ana haki, huenda mtoto kashampa jina moyoni. Msimkatalie hasira yake, mwombeni tu arudishe dawa.

Ukiogopa kusema, fikiria hili: siku utakapoanguka hapo saluni, mama huyo atawalilia wawili, na mmoja hakuwahi kuwepo.