Kifaa Kisicho na Haraka

4 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi kutoka kwangu na kwa nyumba nzima, ambayo ni mimi na redio. Mimi sijambo, paa bado liko juu. Wewe je, kile kikohozi kimekuachia? Anwani uliyonipa safari hii siijui, kwa hiyo natumaini barua itakukuta kabla hujahama tena.

Nina ombi. Vitabu vyangu vimekuwa vizito, na herufi zake sijui nani amezipunguza. Daktari wa macho amenipa miwani mipya, lakini bado nasoma ukurasa mmoja, naweka chini. Unanijua. Pale kiwandani kwa wachapaji nililipwa kusoma magazeti kabla ya watu wote na kuzungushia makosa kwa kalamu nyekundu. Nikikaa bila kusoma, nagombana hata na mapazia. Nasikia kuna vifaa vya kusomea vitabu, unakuza herufi kadiri unavyotaka. Nichagulie kimoja, kiwe chepesi. Ukikipata kitume kwa posta. Usihangaike kuja mwenyewe.

Mama yako

20 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Kikohozi kimekwisha, nashukuru kwa kuuliza. Barua yako ilipitia chumba changu cha zamani, mwenye nyumba akaileta huku akinung'unika. Nimeacha kazi ya kutengeneza lifti. Nilikuwa nasimama ndani ya yale mashimo natazama juu, nikaona nitazeekea humo. Sasa niko ghalani, tunafunga samani. Dirisha langu jipya linatazama ukuta wa njano.

Nimekwenda dukani kuulizia kifaa chako. Vipo vingi mpaka kichwa kinazunguka. Kuna kidogo kisicho na taa, kioo chake ni kama karatasi, lakini jioni utakishikia kibatari. Kuna chenye taa yake, ukitaka kufungua ukurasa unagusa kioo kwa kidole, ila hakipokei vitabu vya duka lingine. Cha tatu kinapokea vya popote, kizito kidogo. Muuzaji alinieleza yote na mimi nikatoka mikono mitupu. Wewe unaonaje?

Nina maswali mawili. Kwa nini barua umeipiga chapa, wewe ambaye huniandikia kwa mkono siku zote? Na barua yangu ya mwisho mbona hukunirudishia na maduara mekundu? Nimezoea kusahihishwa. Au umenikasirikia kwa kuhamahama? Mwezi wa nne nitapata likizo, nitakuletea kifaa mwenyewe tuzungumze.

Mwanao

15 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, na nafurahi kifua chako kimetulia, angalau kitu kimoja chako kimetulia.

Sikukasirika. Mashine ya chapa ilikuwa inaota kutu kabatini, nikaionea huruma. Maduara hukuyaona kwa sababu siku hizi unaandika vizuri, usivimbe kichwa.

Kuhusu kifaa, jirani yetu mwenye duka la dawa anacho hicho cha kugusa kioo, akaniazima. Sikitaki. Kina haraka. Nikikigusa kidogo tu kinaruka kurasa, nikikirudisha kinanipeleka mwanzo wa kitabu. Nilikuwa msibani, mjane ndiyo kwanza anafungua mdomo, mara nikajikuta kwenye harusi yake. Nilimrudishia jirani siku ileile. Nitafutie kisicho na haraka.

Mwezi wa nne usije. Nyumba itakuwa inapakwa rangi, hutapata pa kulala. Tuma tu.

Mama yako

2 Aprili

Mama,

Shikamoo. Mimi mzima wa mwili. Ghala nimeliacha, sasa nafua mashuka ya wageni hotelini, na nimehamia chumba cha nyuma ya jiko lao. Kina joto, sidhani kama nitakaa sana.

Nimerudi dukani mpaka muuzaji akiniona anavuta kiti. Nimevigusa vyote vya kugusa na hakuna hata kimoja kilichoruka. Labda cha jirani ni kibovu. Muuzaji anasema nikununulie kishikwambi, kina rangi na picha, lakini kinang'aa machoni na nacho ni cha kugusa. Nikichagua hiki naona kile kilikuwa bora, nikirudi kwa kile nasikia kasoro yake. Nikifika chumbani nazunguka kitanda kama mtu aliyepoteza ufunguo.

Mama, nyumba ilipakwa rangi mwaka jana, nilishika ngazi mimi. Kila nikifunga begi najiambia safari hii nitapitia nyumbani kwanza, na kila mara unanifungia mlango kwa upole. Inaniuma. Kama hutaki nije, niambie wazi, na uniambie nimekukosea nini.

Mwanao

28 Mei

Mama,

Shikamoo. Sijapata jibu lako, na mwezi huu nao unakwisha. Simu yako inaita tu. Nilimpigia jirani wa duka la dawa, akasema u mzima, unatembea, unakula, kisha akaniuliza habari za hali ya hewa ya huku. Mtu aliyekujua tangu nikiwa tumboni haniulizi hali ya hewa bila sababu.

Nimekaa roho juu. Kifaa sijanunua. Naogopa nikikosea hiki nitakuwa nimeharibu na kilichobaki. Niandikie, hata mstari mmoja wa kunigombeza.

Mwanao

9 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nakusalimu, na leo sisemi kwamba mimi mzima mpaka umalize kusoma.

Barua hii nimeiandika kwa mkono ili uone mwenyewe. Usidhani nimeandikia juu ya gari. Mkono wangu wa kulia hautulii. Ulianza kidole gumba, nikadhani ni baridi, kisha ukafuata wote. Daktari ameupa jina, na dawa nameza. Anasema ugonjwa wenyewe hauui upesi, ila hauondoki. Jirani anajua kwa sababu dawa nanunua kwake, na nilimwapisha asikwambie. Usimlaumu.

Kifaa chake hakina ubovu wowote. Anayeruka ni mimi. Naweka kidole, kidole kinagonga kioo mara tatu kabla sijakiondoa. Herufi nikizikuza naziona vizuri sana, ndiyo maana iliniuma zaidi, kuziona na kutoweza kukaa nazo.

Barua zako zote nimezisoma, na makosa yamejaa. Nilijaribu kuzungushia. Duara langu, ambalo waandishi wakubwa walikuwa wakiliogopa, sasa linafanana na yai lililokanyagwa. Niliona haya kukurudishia. Nikaona bora ufikiri nimechoka na wewe kuliko uje kunitazama nikimwaga chai. Nilikosa hapo, nimekuumiza bure.

Wewe miguu, mimi mkono. Kweli nilikuzaa mwenyewe. Acha habari za kifaa, umehangaika vya kutosha. Na usije kwa ajili ya kunihurumia, huruma ya jirani inanitosha.

Mama yako

30 Juni

Mama,

Shikamoo. Usitafute bahasha, barua imo humu ndani ya kifaa. Nimemwomba jirani akushikishe kwa mkono wa kushoto. Chini ya kidole gumba utakuta vitufe viwili. Cha juu kinarudi nyuma, cha chini kinaendelea. Kioo nimekizima kisisikie kuguswa, hata mkono wa kulia ukikipapasa mchana kutwa hakitaruka. Bonyeza cha chini.

Umeona? Kinangoja.

Miezi yote hii nilikuwa namsumbua muuzaji kwa habari za taa na uzito. Safari hii nilimwambia mama yangu mkono unamtetemeka. Hakuniuliza swali la pili, aliinama akakitoa chini ya meza. Kumbe kilikuwa pale siku zote, hakiuziki sana kwa sababu watu wanapenda vya kugusa. Kinapokea vitabu vya popote, nimekujazia. Yule mjane wako yumo pia, jina la kitabu chake nililipata kwa jirani. Mkute palepale msibani ulipomwacha.

Barua yako ya mkono nilisomea kazini. Kwanza nilifurahi, Mungu anisamehe, kwa sababu kumbe hukunikasirikia. Kisha nikalia, na shuka la mgeni likabidi lifuliwe tena. Bonyeza.

Sikuja kwa huruma. Nimekuja kwa sababu nimechoka kufunga begi, na kwa sababu nilitaka kukuona tangu mwezi wa nne, mkono ukitulia au usitulie. Jirani anasema lifti ya jengo lake inakwama kila juma na hawana fundi. Sikuahidi kwamba nitakaa, unanijua. Lakini begi nimelifungua lote, hata mfuko wa pembeni.

Makosa yamo humu, najua. Utayataja kwa mdomo, kalamu nyekundu nitashika mimi. Bonyeza mara moja ya mwisho.

Hapa kitufe hakitaendelea, hakijaharibika, ndipo barua ilipoishia. Niko dukani kwa jirani, nimekaa kwenye kile kiti cha wagonjwa. Nimekuacha usome kwanza, ungeniona usingesoma. Weka kifaa chini, uniite.

Mwanao